Mkwe Aliyegeukia Ukutani

Miaka kumi na moja nimempikia baba mkwe wangu bila kumtazama usoni. Mimi ni mzaliwa wa Njombe, nilikuja Rungwe kuchuma chai, nikaolewa Masoko. Kwa wazee wa huku, mke wa mtoto na baba mkwe hawakutani. Nikimwona njiani naingia migombani. Yeye akiwa na neno anakohoa nje ya jiko, kisha anasema akiwa huko huko nyuma ya ukuta. Mwanzoni nilikasirika. Nilimwambia mume wangu, mimi si mwizi, nijifiche kwa lipi? Akacheka tu, na mimi nikazoea.

Halafu mzee akaanza kuyumba akitembea na kusahau mambo. Siku moja namenya ndizi, akaingia jikoni, akavuta kigoda, akakaa mbele yangu. "Mwanangu, nipe maji." Kisu kilinidondoka. Mama mkwe aliposikia alilia, maana alijua mzee wake anaondoka akiwa bado anapumua. Mimi nilimpa maji. Niseme ukweli, nilifurahi. Kumbe alikuwa na macho ya upole namna ile! Kwa wiki kadhaa alikuja kila asubuhi akanisimulia ujana wake, nami nikawa nampenda na kujionea aibu, kwa sababu nilijua ni ugonjwa.

Hospitali walisema maji yamejaa kichwani na yanabana ubongo. Wangemwekea mrija mwembamba wa plastiki wa kuyapunguza. Siku chache kabla ya safari ya kwenda kupasuliwa akili yake ilitulia kidogo, nikasikia kikohozi nje ya jiko.

"Mume wako kanisomea kwenye simu," akasema. "Eti huko mbele watabadilisha ubongo kipande kwa kipande, waweke vya kutengeneza, mpaka cha zamani kisibaki. Leo mrija, kesho kingine. Sasa mimi nitakuwa nimeondoka saa ngapi?"

Kuni zilikuwa mbichi, moshi umenijaa machoni, nikamjibu kwa ukali kidogo. "Baba, jiko hili mianzi yake yote umeshaibadilisha, mmoja mmoja. Mbona bado ni jiko lile lile?"

"Jiko halijijui. Ninyi ndio mnasema ni lile lile. Mimi najijua kwa ndani. Atakayeamka akisema yeye ndiye mimi, ninyi mtamwamini. Mimi nitamuuliza nani?"

Nilisema tu, "Sisi tutakutafuta, baba."

"Ndaga," akashukuru kwa Kinyakyusa, na fimbo yake ikaenda taratibu kuelekea nyumba kubwa.

Siku ya tatu baada ya upasuaji mume wangu alikuwa kwenye foleni ya dawa. Mimi nilibaki koridoni na chupa ya uji, mahali ambapo mzee hawezi kuniona. Daktari mmoja kijana, mgeni wa huku, akanishika mkono. Nikamwambia mimi ni mkwe, siingii humo. Akadhani naogopa bandeji. Akanisimamisha miguuni pa kitanda.

"Mzee, huyu ni nani?"

Baba mkwe alinitazama. Macho yalikuwa yale yale ya jikoni. Kisha akakigeuza kichwa chake chenye nyuzi, polepole, uso umekunjamana kwa maumivu, akaelekea ukutani na kuvuta shuka hadi kwenye paji. Daktari akauliza tena. Mzee akashikilia shuka pale pale.

Daktari akaandika kwenye faili. "Pole, mama," akaniambia kwa upole. "Hakutambui."

Nilikaa chini pale pale sakafuni, nikacheka huku machozi yananitoka. "Ananitambua, dokta. Wodi nzima hii, ni mimi peke yangu anayenigeuzia uso."

Kama kule ndani ni yeye, anajua mwenyewe. Aliyekuwa akiniita mwanangu sijamsikia tena, na ninamkumbuka mno. Nilitoka nikasimama nyuma ya mlango na uji wangu, nikangoja. Baada ya muda akakohoa.