Vibuyu Vitatu vya Mama Komora

Nakumbuka mchana ule wa mafuriko, mwanangu, na mwili bado unanisisimka. Kabla yake nilikuwa kijana mwenye mke, watoto wawili na shamba la mpunga kando ya mto Tana, chini kidogo ya mji wa Garsen.

Siku moja maafisa wa kilimo walikuja wakauliza ni nani hapa anayechagua mbegu nzuri namna hii. Nikasimama mbele ya watu nikasema, "Ni mimi." Mke wangu, Mama Komora, alikuwa amekaa nyuma, matope hayajamkauka miguuni. Aliniangalia tu, akainama. Nami nikatabasamu kama mwehu!

Kabla ya masika akaugua, akafariki. Juu ya meko aliacha vibuyu vitatu vya mbegu za mpunga: za bondeni panapojaa maji, za katikati, na za juu pakavu. Kipi ni kipi? Sikujua. Nikamwendea mama mkwe.

"Mama, nisaidie. Wajukuu zako watakula nini?"

"Si ulisema ni wewe?" akanijibu. "Mimi sijui, Baba Komora. Aliyejua hukumpa nafasi aseme."

Nikavichanganya, nikapanda. Mto ukafurika, maji yakaja bila sauti. Mpunga mfupi ukazama bondeni, mrefu ukanyauka juu. Nikiwa nimesimama pale, jua likiwa utosini, nikasikia debe likigongwa upande wa bondeni, taratibu, vile marehemu mke wangu alivyoligonga akifukuza ndege. Hapakuwa na mtu. Hapakuwa na ndege hata mmoja. Nikaingia majini hadi kiunoni, na kila nikisogea, mlio nao ulisogea mbele. Niliogopa, sikufichi. Nikapaza sauti:

"Mama Komora! Mbegu ni zako! Shamba ni lako!"

Debe likaacha kulia. Maji yakazidi kupanda.

Msimu ule wanangu walikula kwa huruma ya majirani. Na ukweli wenyewe niliuambia mto. Wale niliowadanganya hawakuwepo, na aliyestahili kuusikia hakunijibu.

Mwanangu, ukiulizwa nani amelima, mtaje mama yako, mkeo, dada yako, kwa jina lake, mbele ya watu, naye akiwepo. Kaa naye akufundishe anachokijua, na wanao wajue kimetoka kwake. Mungu akujalie mavuno, akujalie na ulimi mwepesi wa kushukuru, na unayemshukuru umkute angali hai.