Winchi na Vyakula Vibichi

Kazini walimwita Winchi, kama ile mashine ya kunyanyulia mizigo, na jina hilo hakulipata bure. Miaka kumi na minne alikuwa akihamisha vyombo vya watu, akishuka ngazi na friji kama mtu aliyebeba mto wa kulalia. Alfajiri, kabla ya kazi, alikimbia kilomita nane. Siku moja walimhamisha mzee mkimbiaji, mkavu kama ukuni, aliyekula vibichi vitupu. Mzee alipanda orofa tano bila kuhema. Winchi, pumzi juu juu, akamwonea kijicho.

Kesho yake akakata shauri: hatakula tena kilichopita motoni. Karoti, kabichi, matango, ndizi mbivu, karanga zilizolowekwa. Mkewe alimtazama akitafuna, akasema, "Baba watoto, sungura umemwona wapi akibeba kabati?"

Wiki ya kwanza alijiona mwepesi, akajigamba kwa wenzake wote. Ya pili, suruali ikampwaya, mbio zikapungua hadi kilomita tatu. Mkewe akimuuliza, alijibu ni nane. Kurudi nyuma aliona haya. Angewatazamaje wale aliojigamba mbele yao?

Siku ya kumi na saba walishusha kabati la mbao ngumu kutoka orofa ya nne. Winchi alishika upande wa juu. Chini alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, akishuka kinyumenyume. Kwenye kona ya pili Winchi alitokwa na jasho la baridi, vidole vikaanza kuteleza kwenye mbao.

"Shemeji, uko sawa?" aliuliza yule wa chini.

"Twende."

Wakashuka vidato vitatu. Winchi akaona ukuta unazunguka. Alijua la kusema: "Tua." Neno moja tu, lakini badala yake alishusha mguu kidato kingine.

"Shemeji, linanielemea!" alilia yule wa chini.

"Tua! Tua!" Winchi alipiga kelele hatimaye, maji yakiwa yamekwisha kumwagika. Kabati lilimponyoka, likaubana mkono wa shemeji kwenye reli ya ngazi. Mlio wa mifupa aliusikia mwenyewe.

Vidole viwili vilivunjika. Kwenye benchi la zahanati shemeji aliuliza, "Ulianza kuishiwa nguvu lini?"

"Wiki iliyopita."

"Mimi sina ugomvi na karoti zako. Ugomvi wangu ni na hiyo 'twende.'"

Winchi aliporudi nyumbani alimweleza mkewe yote, hata zile kilomita za uongo. Alitarajia radi. Mkewe alimpakulia maharage ya moto, akaketi mbali naye. Hiyo ilimchoma kuliko matusi.

Matunda ya asubuhi hakuyaacha, ila mchana alikula kilichopikwa, akashiba. Nguvu zilirudi polepole. Shemeji alirejea kazini baada ya miezi miwili, kidole kimoja kikiwa kimepinda. Siku ya kwanza, mbele ya friji, alisema, "Leo juu nashika mimi."

Winchi akaenda chini bila ubishi.