Upekuzi wa Mdogo Wangu

Mdogo wangu alinipigia simu nikiwa sokoni Njombe, nachagua viazi.

"Dada, watakuja kukuuliza habari zangu. Nimependekezwa kwenda masijala ya siri."

Huko ndiko yanakotunzwa majalada ambayo si kila mtumishi anaruhusiwa kuyashika. Anayepelekwa hufanyiwa upekuzi kwanza. Huulizwa majirani, ndugu, hata mchungaji. Badala ya kufurahi, nilirudisha viazi nilivyokuwa nimeshachagua.

Kabla hajaajiriwa, mdogo wangu alimpasua mtu kichwa kwa chupa kwenye kilabu cha pombe ya ulanzi Makambako. Mahakama ya mwanzo ilimtia hatiani, akatumikia adhabu ya kufanya usafi hospitalini. Baadaye alioa, akatulia. Lakini kwenye harusi ya binamu yetu, mwaka jana, nilimkuta nyuma ya nyumba kalewa, nikamkokota hadi kwake.

"Nitawaambia nini?" nilimuuliza.

"Kesi nimeshawaeleza mwenyewe. Ya harusini unaijua wewe."

Hakuniomba nifiche. Afadhali angeniomba, ningejua pa kumlaumia.

Kila gari lililosimama karibu na kwangu Mjimwema lilinishtua. Hatimaye alikuja mwanaume mmoja mpole, kavaa koti zito. Nilimwandalia chai, hakuigusa sana. Aliuliza ya kesi, nikajibu. Kisha akasema, "Mama, siku hizi anakunywa?"

Nilimfikiria mke wa mdogo wangu, na wanangu wanaomwita mjomba. Nikakumbuka pia njia nzima ile siku ya harusi alivyonisimulia shauri la nidhamu la mfanyakazi mwenzake, jina na kosa, mambo ambayo sikustahili kuyasikia.

"Mara chache," nilisema. "Ila akinywa, anaongea."

"Anaongea ya kazini?"

"Ndiyo."

Mgeni alinishukuru, akaondoka. Nilibaki nimekaa, chai ikapoa.

Jioni nilimpigia mdogo wangu, nikamweleza kila nilichosema. Aliuliza taratibu, "Kwani niliongea nini?"

Alikuwa hajui. Nilipomwambia, alikata simu.

Hakuipata ile nafasi. Alibaki masijala ya wazi, akipokea barua za kawaida. Kipindi chote cha baridi hakukanyaga kwangu. Na mkewe tulisalimiana kanisani tu, na kila Jumapili niliogopa kusikia kwamba mumewe amezidisha pombe kwa uchungu, na kwamba mimi ndiye niliyemsukuma.

Halafu siku moja alikuja, na mkewe. Alikula, akanawa mikono, ndipo akasema amekuwa akienda hospitali kuzungumza na mshauri kuhusu pombe.

"Kesi haikuwasumbua sana, dada. Ni ya zamani na sikuificha. Kilichowatia hofu ni mdomo wangu nikilewa. Hata mimi mdomo huo umenitia hofu. Bosi anasema naweza kupendekezwa tena."

"Na wakija tena kuniuliza?"

"Waambie utakachokuwa umekiona."

Nilimkubalia. Lakini tangu siku hiyo, kila nikiongea naye kwenye simu, najikuta nasikiliza kwanza kama ulimi wake ni mzito.