Watu wa Ukutani

Baba yangu alikuwa fundi seremala wa reli, na mashua ya mashindano hakuwahi kuiona ila kwenye simu yangu. Hata hivyo, miaka niliyosoma ng'ambo aliwajua wapiga makasia wa chuo chetu kuliko alivyowajua baadhi ya wajomba zangu.

Kwetu ni Itetemia, pembezoni mwa mji wa Tabora, mahali ambapo nyumba mpya za tofali zinaingia taratibu kwenye mashamba ya mahindi na karanga. Mimi nilichukua urefu wa baba. Shuleni niliitwa mlingoti, na kila muhula mama alikuwa akifumua upindo wa sketi yangu ili ishuke kidogo, mpaka upindo ukaisha, tukaanza kuunga kitambaa kingine chini. Mama alisikitika. Baba alicheka tu, akasema mlango wa nyumba aliupima mwenyewe, hakuna mtoto wake atakayegonga kichwa.

Baada ya kidato cha sita nilipata ufadhili wa kusomea mambo ya udongo katika chuo kikuu cha nchi moja ya baridi. Wiki ya kwanza nikiwa kwenye foleni ya chakula, mama mmoja mwenye nywele fupi za mvi alinitazama kuanzia viatuni hadi utosini, akaniuliza kama nimewahi kushika kasia.

"Hata kuogelea sijui," nikamwambia.

"Kuogelea tutakufundisha. Urefu siwezi kumfundisha mtu."

Ndiye aliyekuwa kocha. Nikajifunza kuogelea kwenye bwawa la maji ya uvuguvugu, nikiwa nimezungukwa na watoto wa chekechea waliovaa maboya mikononi. Wao waliniogopa kwa ukubwa wangu, mimi nikawaonea wivu kwa sababu hawakuogopa maji.

Siku ya kwanza katika banda la mashua kocha hakutuonyesha mashua. Alituonyesha ukuta. Chuo kile kilikuwa kikipeleka wapiga makasia kwenye Olimpiki tangu enzi za picha zenye rangi ya chai, na wote walitundikwa pale. Sharti lilikuwa moja. Anayetundikwa ni aliyeshindana. Aliyeteuliwa akaumia, au aliyepelekwa kama wa akiba akakaa jukwaani, hatundikwi, hata awe nani. Kocha alitupitisha picha baada ya picha. Kulikuwa na mtoto wa mwoka mikate aliyesafiri kwa meli, akafanya mazoezi juu ya sitaha akivuta kamba iliyofungwa kwenye mlingoti. Kulikuwa na dada wawili ambao nchi kavu walikuwa hawasemeshani, lakini ndani ya mashua hawakupishana hata pigo moja. Kulikuwa na mwanafunzi wa udaktari aliyepinduka katikati ya mbio, akapanda tena, akamaliza wakati wenzake wameshavaa nguo kavu. Mwishoni mwa mstari mmoja alikuwapo kocha mwenyewe, msichana mwenye mabega mapana.

"Nilikuwa wa tano," alisema, akapita.

Jumapili nilikuwa nikipiga simu nyumbani baada ya wao kutoka kanisani. Nilimsimulia baba habari ya yule wa meli, akaniuliza kamba ile ilikuwa na urefu gani. Jumapili iliyofuata, hata shikamoo yangu hajaijibu, akauliza, "Leo unaniletea nani?" Ikawa ndiyo desturi yetu. Kila Jumapili mtu mmoja kutoka ukutani. Aliwapa majina yake mwenyewe: Mwana wa Mikate, Wanuniaji, Daktari wa Majini. Alipokwenda Igalula kuwatembelea wenzake wa zamani wa reli aliwasimulia kana kwamba ni watu wa ukoo wetu, na wao wakawa wanamuuliza Daktari wa Majini aliishia wapi.

"Babu zetu walikwenda pwani kwa miguu, na mizigo kichwani," aliniambia mara moja. "Kijana ambaye hajafika pwani, nani angempa mke? Sasa wewe nenda pwani yako."

Mama alichukua simu. "Mimi naomba mashua isipinduke tu," akasema. "Hizo pwani zenu mtajua wenyewe."

Niliporudi likizo ya mwaka wa pili nilikuta baba amenitengenezea mashine ya mazoezi nyuma ya jiko. Alikuwa amelaza vipande viwili vya mbao ya mninga sambamba kama reli, juu yake kiti chenye magurudumu madogo, na mbele gurudumu la baiskeli lililofungwa mpira wa tairi. Hakuwahi kuiona mashine yenyewe. Aliijenga kwa kuniuliza maswali kwenye simu: miguu inakaa wapi, mgongo unalala kiasi gani, mikono inarudi kwa kasi gani. Ilipiga kelele kama mashine ya kusaga, lakini ilivuta vizuri. Majirani walikuja kuniangalia. Bibi mmoja aliuliza kwa Kinyamwezi huyu binti anavuta nini siku nzima na hakiji.

Mwaka wa tatu nilianza kushinda. Nilikuwa napiga makasia peke yangu katika mashua nyembamba kama ganda la mbegu, na pembeni yangu kila alfajiri alikuwapo mwenzangu, msichana kutoka nchi nyingine ya Afrika, naye katika mashua yake. Kwenye makasia unageuzia mgongo kule unakokwenda. Unamwona uliyemwacha, humwoni aliye mbele. Mimi nilimwona yeye siku nyingi, yeye akaniona mara chache. Tulikuwa marafiki wa kuazimana soksi. Tukakubaliwa sote wawili, kila mmoja na nchi yake, kwenda kwenye mashindano ya Afrika ya kufuzu Olimpiki. Kwa kasi tuliyokuwa tukionyesha mazoezini, kocha aliamini tungefuzu sote, na yeye hakuwa mtu wa kusema jambo ili kukufurahisha.

Nilimpigia baba siku ya katikati ya wiki. Alikuwa nje, nasikia kuku nyuma yake. "Jumapili hii," nikamwambia, "nitakayekuletea ni mimi."

Nilimsikia akimwita mama kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia.

Kabla ya safari tulipimwa sote, kama inavyofanywa kwa kila mwanamichezo. Nilidhani ni jambo la dakika chache. Daktari alirudia kipimo cha moyo, akamwita mwenzake, wakarudia tena. Halafu akaketi karibu nami na kuanza kuongea polepole, kama watu wanavyoongea na mgeni wa lugha yao. Misuli ya moyo wangu ilikuwa minene kuliko inavyopaswa. Naweza kuishi miaka mingi. Naweza kufanya kazi, kutembea, kupata watoto nikiwa chini ya uangalizi. Mbio hapana. Makasia hapana. Kasi ya mashindano ingeweza kuusimamisha moyo huo siku yoyote, bila onyo.

"Kwenu kuna mtu aliyeanguka ghafla akiwa kijana?" akauliza.

Alikuwepo. Mdogo wake baba alianguka akicheza mpira, hajaoa bado. Nyumbani ilisemwa amerogwa, na mama mmoja jirani alinyooshewa vidole mpaka akahama na watoto wake. Mimi nilikua nikiisikia hadithi hiyo kama habari ya uchawi. Nikamwambia daktari, ndiyo, yupo.

Kocha alikuwa ananisubiri nje. Hakunikumbatia, nami nilimshukuru kwa hilo, maana ningevunjika pale pale. "Kesho nitaishusha mashua yako, nimpe mtu mwingine," alisema. "Unataka uwepo au usiwepo?"

"Nisiwepo."

"Sawa."

Baba nilimweleza yote kwa simu, nikafika mpaka kwenye swali la daktari kuhusu baba mdogo. Akasema tu, "Rudi nyumbani, mwanangu," akampa mama simu. Mama alikuwa akilia na kumshukuru Mungu kwa pumzi moja. Nilimaliza mitihani yangu, nikarudi.

Asubuhi ya kwanza nyumbani niliamshwa na kelele za chuma nyuma ya jiko. Baba alikuwa anaifungua mashine.

"Iache, baba."

"Nikiiacha utaikalia."

"Madaktari wamenikataza, nitaikaliaje?"

"Nakujua. Wewe ni mimi." Alifungua nati moja, ya pili ikamgomea. Alikuwa mtu ambaye nati haikuwahi kumgomea. Akaweka spana chini, akakaa juu ya zile mbao mbili, miguu yake mirefu imekunjwa, magoti karibu na kidevu. "Urefu nilikupa mimi, nikafurahi, nikawatambia watu," akasema. "Na moyo huu nao nimekupa mimi."

"Hakuna anayechagua, baba. Hukujua."

"Seremala akitoa meza yenye ufa, hasemi mti ulikuwa na ufa."

Nilikaa nyuma yake kwenye zile mbao, tukakaa hivyo kama watu wanaosubiri treni, mpaka mama alipotuita chai. Mashine aliimaliza kuifungua jioni. Baadaye nilimpeleka hospitali ya rufaa apimwe, na kweli, moyo wake ulikuwa kama wangu. Alipoambiwa alitikisa kichwa taratibu. Tukiwa njiani kurudi aliniuliza kama najua alikohamia yule mama jirani. Sikujua. Aliulizia kwa watu mpaka akapata habari: Lusu, kule Nzega, na kwamba alifariki zamani. Alikwenda hata hivyo, akawakuta watoto wake, akawaomba radhi. Walimpokea kwa adabu, wakampa maji ya kunywa. Hakusimulia zaidi ya hapo.

Mwenzangu alifuzu. Siku ya mbio zake za mchujo umeme ulikatika Itetemia, tukaenda mjini, kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vifaa vya umeme ambaye baba aliwahi kumtengenezea rafu zote za dukani. Mzee alikuwa na jenereta. Akawasha televisheni kubwa kuliko zote dukani, akatuwekea viti, akawanyamazisha wateja.

Mashua zilijipanga. Nikamwona mwenzangu, na kitambaa chake cha kichwani, na namna anavyopuliza viganja kabla ya kuanza. Mwili wangu ulijua kila kitu. Mapaja yalikaza yenyewe. Walipoondoka nilijikuta navuta pumzi kwa mapigo yake.

Akabaki nyuma. Si kwa aibu, alipiga vizuri, ila wale wengine walikuwa watu wa namna nyingine kabisa. Akawa wa mwisho.

Baba hakuondoa macho kwenye kioo. "Huyu anayeshika mkia," akauliza kwa sauti ndogo, "ndiye mwenzako?"

"Ndiye."

"Ungempita?"

Ningeweza kusema sijui. Lakini baba hakuwa mtu wa kudanganywa kwa huruma. "Ndiyo, baba. Siku nyingi nilimpita."

"Basi usingekuwa wa mwisho."

"Nisingekuwa wa mwisho."

Alisimama, akamshukuru mwenye duka kwa heshima, akamuulizia hali ya mkewe, akatoka. Nilimkuta amesimama kando ya ukuta wa duka, uso ameugeuzia ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa, mabega yake yanatikisika. Watu walipita na baiskeli na mizigo yao. Nilisimama nyuma yake ili wasimwone.

Baba alikufa mvua zilipoanza. Dawa zake alikuwa akizimeza vizuri kuliko mimi, haikusaidia. Mchana mmoja alikuwa ameketi barazani anasubiri chakula, mama akaenda kumnawisha mikono kwa birika, akakuta ameshaondoka. Wenzake wa reli walikuja kutoka Igalula. Mmoja wao, mzee sana, alinishika mkono akasema, "Alituambia kila kitu kuhusu moyo wako. Alitaka tujue haukuwa uvivu."

Miezi kadhaa baadaye kocha alinitumia kwenye simu picha ya mwenzangu ikiwa imetundikwa. Iko chini kidogo ya yule daktari. Nilimfurahia, nasema kweli. Kisha nilizima simu nikaenda kusahihisha madaftari, maana sasa nafundisha kilimo katika shule ya sekondari, na kwa muda mrefu nilikuwa nasahihisha bila kuona nilichokuwa nasahihisha.

Mama anataka nishukuru. Mwaka jana alipanga sadaka ya shukrani kanisani kwa ajili ya uhai wangu. Nilikataa. Tulikuwa tunamenya viazi vitamu vya kukausha kuwa michembe, akatua kisu.

"Wewe unalilia mashua," akasema. "Mimi ningekwenda uwanja wa ndege kupokea jeneza. Unajua hilo? Badala yake nimekupokea wewe na begi lako. Nisishukuru?"

"Shukuru, mama. Mimi bado siwezi."

"Basi si lazima uweze. Simama tu pembeni yangu."

Jumapili ile nilisimama. Mama alikuwa amebeba kapu la karanga na chupa ya asali, kilemba chake kinanifika begani. Kwaya iliimba, naye akaimba kwa sauti kubwa, sauti iliyopasuka kidogo juu. Niliangalia mbele. Nilimsikia akilitaja jina langu mbele ya watu wote, kisha la baba, na kwa jina la baba sauti yake ikakatika, nikamshikia kapu.