Baba Hakulia

Siku hizi watu wakinikuta Mbarara mjini, wakisikia kwamba nilitoka kambi ya Nakivale, hakosi mmoja wa kuniuliza kama naujua ule wimbo wa wakimbizi, ule wa "Tangulieni". Namjibu siujui. Ni rahisi kuliko kuanza kueleza, na mpaka hapo hasira inakuwa imeshanipanda.

Wimbo ule ni wangu. Niliutunga mimi, na niliutunga kwa ajili ya neno moja. Vita vilipotufikia kule milimani, Kivu ya Kusini, mwaka ule wa tisini na sita, nilikuwa mtoto wa miaka saba hivi. Baba alikuwa zizini, ng'ombe wetu anazaa na ndama amekwama. Mama ameshafunga mzigo, amenishika mkono, anamwita. Baba hakugeuka. Alisema, "Tangulieni," basi, akimaliza atatufuata. Alilisema haraka, kavu, kama mtu anayewatuma watu sokoni, akili yake yote iko kwa ng'ombe. Hatukumwona tena. Picha yake hatuna, kaburi lake hatulijui, na sura yake mimi ilishanitoka zamani. Kilichobaki kwangu ni lile neno na namna alivyolisema. Hicho ndicho nilichotaka kukiweka fasi ambayo hakitapotea.

Shirika moja la misaada lilikuja Nakivale nilipokuwa tayari msichana wa kuolewa. Lilijenga ukumbi wa mabati karibu na ofisi za kambi, likaleta kinanda, jenereta na maikrofoni mbili, likatangaza kwamba vijana watafundishwa kuimba kisasa, bure. Kupumua vizuri, kushika sauti, kuimba pamoja na mashine. Sisi tulikuwa tumezoea ngoma ya kanisa na koo zetu wenyewe. Tulimiminika.

Kanisa halikufurahi. Kwetu Waprotestanti wa Kivu, mwanakwaya akiimba nyimbo za dunia anawekwa chini ya nidhamu: anatolewa kwaya, anakaa benchi la mwisho, na Meza ya Bwana inampita. Wazee walinisimamisha mbele ya watu wote, wakanisomea kosa langu. Mama yangu, ambaye alikuwa ameimba kwaya ya akina mama tangu ujana wake na hakuwa na starehe nyingine duniani, naye akasimama.

"Uyu mutoto anaimba baba yake," akasema. "Kama ile njo zambi, na mimi muniweke nyuma."

Wakamweka kweli. Tukawa tunakaa wawili kule mwisho, karibu na mlango, wenzake wanaimba mbele na yeye midomo inamcheza bila sauti. Hakunilaumu hata siku moja. Aliniambia tu nihakikishe wimbo unatoka sawa, bahati ni moja, na baba hatakuja kuurekebisha.

Mwalimu wetu alikuwa kijana wa Mbarara, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha Uganda, cha soko na askari. "Wewe iko na nguvu mingi sana," alinitania. "Punguza kidogo. Maikrofoni haiko kiziwi." Nilimpenda, sitasema uongo. Siku nilipomwimbia "Tangulieni" alizima jenereta, akaniambia nirudie. Nikamweleza habari za baba na ng'ombe, nikamsisitizia kwamba lile neno halivutwi wala halipambwi, linakatwa hapo hapo. "Nimesikia," akasema. "Hii tunapeleka studio. Hapana ogopa."

Tulipita Kaberebere, njiani kwenda Mbarara, jua likiwa bado changa, mimi nimevaa kitenge kizuri cha mama. Studio ilikuwa chumba kimoja ghorofani, kuta zimebandikwa vipande vya godoro ili kelele za mji zisiingie. Niliimba, nikarudia, nikarudia tena, mpaka fundi wa mashine akaniinulia dole gumba kutoka nyuma ya kioo. Lile neno nililisema kama baba, na nilipolisema nilimsikia. Mwalimu akaninunulia chapati ya mayai barabarani, nikaila huku nacheka peke yangu kama mwehu. Nikarudi nyumbani nikamwambia mama kwamba limetoka sawa.

Halafu ikafika siku ya wageni. Wafadhili walikuwa wanakuja kuona kazi ya shirika, maturubai yamefungwa, viti vimepangwa, spika kubwa zimeletwa kutoka mjini. Mama alikuja, akakaa safu ya pili, kitenge amekipiga pasi. Hata wazee wawili wa kanisa walikuja, eti kuangalia tu. Kabla sijapanda jukwaani mwalimu akanivuta pembeni akaniambia leo hakuna kuimba, tutapiga pleibeki: wimbo utatoka kwenye mashine, mimi nishike maikrofoni na kuchezesha mdomo. Nilimwambia nataka kuimba mwenyewe. Akasema mitambo ya nje haiaminiki, na isitoshe ni sauti yangu ile ile. Wimbo uliorekodiwa nilikuwa sijausikia. Kila nilipouomba, naambiwa uko Mbarara, unasafishwa.

Ulipoanza, nilisikia mwanamke mwingine.

Maneno yalikuwa yangu, moja baada ya jingine. Sauti haikuwa yangu. Ilikuwa laini, ya kubembeleza, inateleza kwenye kila mstari. Nilichezesha mdomo, nitafanya nini, watu wamenikodolea macho na maikrofoni iliyokufa iko mkononi. Tukafika kwenye neno la baba. Yule mwanamke akalivuta. Akalipandisha, akalitetemesha, akalilia kama mfiwa anayejitupa juu ya jeneza, na mimi mdomo ukajifunga. Nikasimama pale nimefumba mdomo, na wimbo unaendelea kulia bila mimi. Kuna vijana waliocheka. Lakini wageni walikuwa wanapangusa machozi, na mama mmoja wa Kizungu alipanda jukwaani akanikumbatia. Alidhani nimezidiwa na uchungu.

Nilimkuta mwalimu nyuma ya ukumbi. Hakukana.

"Yule dada anaimba kwa hoteli mjini," akasema. "Amesaidia tu. Sauti yako iko kavu, wageni hawawezi kulia. Na kama hawalii, hii jenereta itakunywa nini? Wimbo bado iko yako. Jina tumeweka yako."

Nilimchukia. Namchukia hata leo, na sijaona sababu ya kuacha. Angeniambia tangu mwanzo kwamba sauti yangu haifai ningerudi zangu kanisani, na wimbo ningebaki nao. Alinichota akili, akanichukulia kitu pekee nilichonacho cha baba, akampa mtu ambaye hajawahi kukanyaga Nakivale, kisha akanitaka nishukuru.

Tukarudi nyumbani mimi na mama. Karibu na kwetu akasema, "Ule muntu alilia. Baba yako hakulia. Alisema tu."

"Najua, mama."

"Asirudie tena kumufanya bwana yangu alie."

Lakini nani wa kumzuia? Wimbo uliingia kwenye simu. Kila kibanda cha kuchaji simu kambini kiliupiga kuanzia kukicha, ukafika mpaka Mbarara, wanawake wanachota maji na huku wanauimba. Na kanisa, kanisa lile lile, likageuka. Wazee waliusikia, wakalia kama wengine, wakasema kumbe hauna ubaya, ni maombolezo. Tukaitwa mbele mimi na mama, tukaombewa, tukarudishwa kwaya. Jumapili iliyofuata wakanitaka niuongoze. Niliuimba kama nilivyoutunga. Nilipolikata lile neno, kwaya nzima nyuma yangu ikalipokea kwa kulivuta, ikalitetemesha, ikanifunika kabisa. Baada ya ibada kiongozi wa kwaya alinishika bega akicheka. "Dada, wimbo wako mwenyewe umekushinda?" Niliwaambia ukweli, tena si mara moja. Walinisikiliza kwa huruma, kama unavyomsikiliza mtu anayejitetea.

Shirika halikukaa. Mradi uliisha, mwalimu akarudi mjini bila kuaga, na ukumbi ukageuka ghala la mahindi. Mimi pia nilihamia Mbarara, nikapata kazi ya kushona, nikawa naenda kumwona mama kila nilipoweza. Kuimba niliacha. Sikuapa wala nini. Hamu iliisha tu.

Siku moja nilimkuta mama uani anachambua maharage. Alikuwa amezeeka, macho yanamsumbua, anapapasa punje kwa vidole ili kuondoa mawe. Alikuwa anaimba peke yake kwa sauti ya chini, na nilisimama kumsikiliza kwa sababu ni wimbo wangu. Alipofika kwenye lile neno, akalivuta. Akalipandisha na kulitetemesha vile vile, kilio kile kile cha hotelini, mpaka mwisho.

Nikakaa karibu naye. "Mama, baba hakulisema hivyo."

"Alilisema namna gani?"

Nikalisema. Tangulieni. Nililisema haraka na kavu, kama ninavyolikumbuka. Mama akatikisa kichwa, hakukasirika, akanipapasa goti kama mtu anayembembeleza mtoto.

"Hapana, mutoto wangu. Baba yako alilia mingi sana siku ile. Weye ulikuwa mudogo. Mimi nilikuwa pale."