Kitanda cha Mbao Mbichi

Mwanangu Zuhura, siku ile naikumbuka mpaka harufu yake: vumbi la mbao, na mafuta machafu ya injini, vidanji, kutoka gereji ya jirani. Harusi yetu ilikuwa imekaribia, na baba yako Hamadi, seremala katika atelie, karakana ya mbao ya Mzee Rajabu, alikuwa hajapata mbao za kitanda chetu. Hapa Buyenzi, seremala akioa bila kujitengenezea kitanda, atachekwa mpaka azeeke.

Siku hiyo nilikuwa nimemtembelea kazini, ndipo rafiki yake Shabani akaleta mbao nyekundu, nzuri mno, zimefichwa chini ya magunia ya makaa. Zilikatwa Kibira, msitu uliokatazwa, hazina muhuri wa serikali. Sikufichi, mi nilizipenda palepale.

"Watu wa mazingira wanapita kila atelie," Hamadi alisema.

"We paka vidanji," Shabani akamjibu. "Zitaonekana za zamani, za nyumba iliyobomolewa. Kila mutu anafanya vile."

Hamadi alikuwa ameshashika kopo la vidanji, Mzee Rajabu mwenye atelie akatokea, anarudi msikitini. Akabonyeza ubao kwa kidole gumba, akanusa.

"Huu mti juzi bado ulikuwa unakunywa mvua. Hamadi, we utalaza bibi harusi juu ya vidanji? Asubuhi shuka yake itafanana na overoli ya fundi."

Atelie nzima ikacheka. Nikajificha uso kwa kitenge. Kisha mzee akashusha sauti: "Wakizikuta hapa, wanafunga huu mlango. Sisi wote tutakula wapi? Na ule mti, nani ataurudisha msituni?"

Hamadi akaweka kopo chini. "Shabani, beba mbao zako. Mi apana."

"Basi oa na mkeka."

Jua halijashuka, watu wa mazingira wakaingia. Waligeuza kila ubao wakitafuta muhuri, wakaukuta, wakampa mzee mkono. Walipotoka wakatuambia serikali inagawa miche bure, anayetaka apande.

Tukaoana kwenye mkeka kweli, na shangazi zangu walinitania vya kutosha. Kitanda kilikuja baadaye, cha mti wa mgrevilea uliopandwa na mkulima pembeni ya shamba lake, mbao kavu zenye muhuri. Ndicho ulicholalia hapo nikikuandikia. Na Jumamosi hii, kwenye kazi za pamoja, tunapanda mche wako mlimani, wewe ukiwa mgongoni kwangu. Usingizi hauji kwa furaha. Naona tayari ndege wamekaa juu yake.

Basi shika hili, mwanangu: kitu kizuri kikiletwa, halafu lazima kipakwe uchafu ndipo watu wakione, kiache kipite. Lala kwenye mkeka, ngoja chako. Na unapokata mti, uwe ni ule uliopandwa kwa kazi hiyo. Msitu uache unywe mvua yake.

Mungu akukuze pamoja na mche wako, na siku ya harusi yako, shuka yako iamke nyeupe.