Kosa Alilolitunza Égide

Égide, Mrundi anayebeba fimbo za wacheza gofu Johannesburg, alikuwa na kosa moja, na alilitunza vizuri kuliko ndoa yake.

Miaka tisa iliyopita, Mwaustralia aitwaye Callum aliongoza mashindano mpaka shimo la mwisho. Égide akampimia umbali kwa hatua, akazidisha hatua kumi. Mpira ukairuka bendera, ukazama bwawani. Desturi ya wabeba fimbo ni kukiri palepale. Yeye alisema, "Eish, pole bosi," maneno yasiyomfunga mtu.

Callum akaamini kwamba mkono wake ndio uliomsaliti. Akaajiri walimu wanne waufundishe upya, wakaumaliza kabisa. Akaishia kuuza magodoro kwao Perth. Mwaka huu amerudi kujaribu tena, na amemtaka Égide tu: "Wengine wote walinidanganya."

Mazoezini wakafika shimo lilelile. "Hatua ngapi, rafiki yangu?"

"Mia na hamsini, bosi." Égide akatua begi la fimbo chini. "Hata siku ile zilikuwa mia na hamsini. Mimi nilikwambia mia na sitini."

Callum akavua glavu polepole.

"Kumbe ulikuwa mzima," akauambia mkono, kwa sauti ya mtu aliyegundua kwamba alimzika ndugu yake angali hai.